Pointi Moja ya Kukosa

Jumapili, 11 Aprili 1999

Ifahamike kwa wote wanaohusika, walio hai na watakaozaliwa: leo mchana, baada ya kutafakari kwa kina mbele ya sahani ya maharage, mimi Gosbert nimeamua kupinga mabadiliko yote yanayopendekezwa katika sheria za mpira wa Kanada. Napinga moja moja. Napinga kwa jumla. Napinga na yale ambayo bado hayajapendekezwa.

Asubuhi nilikuwa sijui kwamba Kanada wana mpira.

Ilikuwa hivi. Jumapili nalinda magari nje ya kanisa moja Morningside. Gari langu kuu ni Corolla nyeupe ya Mchungaji Tolley, mzee wa Kikanada aliyehubiri Kigoma miaka mingi kabla ya kuhamia Durban. Kiswahili chake ni cha Biblia tupu. Hata akiuliza choo kiko wapi, unahisi umebatizwa. Leo baada ya ibada nikamkuta amejifungia ndani ya gari na gazeti la kwao, shingo imevimba. Nikadhani msiba. Nikagonga kioo, nikampa pole. Akashusha kioo. "Ndugu yangu," akasema, "wanataka kuiondoa ile pointi moja."

Nikamwambia haiwezekani. Sikujua ni pointi gani.

Akatandaza gazeti juu ya boneti, akanifundisha. Mpira wao una umbo la yai. Unashikwa kwa mikono, na wachezaji wanavaa helmeti na kugongana kama taxi za hapa. Mtu akipiga mpira kwenye milingoti akakosa, ukapita nyuma, na wenye eneo lao wakashindwa kuutoa, yule aliyekosa anapewa pointi moja. Kwa kukosa! Sasa wakubwa wa ligi wanapendekeza ifutwe. Wanataka pia timu ipewe majaribio manne ya kusogea mbele badala ya matatu, na wachezaji wawe kumi na mmoja badala ya kumi na wawili. Kama Wamarekani. Neno "Wamarekani" alilitamka kama anataja Wafilisti.

Linanihusu nini? Linanihusu hili: kanisa la kwao, huko kwenye mashamba ya ngano, limekubali kudhamini familia moja ya wakimbizi kutoka Durban iende kuishi Kanada. Moja tu. Na wa kupeleka jina ni Mchungaji Tolley.

Jumanne, 13 Aprili

Hali ya ushindani. Tunakaa watatu kwenye flati moja Albert Park, kila mtu na pazia lake. Dada Scola, Mchaga wa Moshi, ndiye mwenye flati na mwenye sauti. Urbain ni Mkongo wa Uvira, kinyozi, kibanda chake cha turubai kiko hapo chini barabarani. Wa tatu ni mimi.

Watu wote wanasema nafasi ya Kanada ni ya Urbain. Sababu zao: vita vilimkuta kwao, nyumba ikachomwa, mkewe Marie na binti yao Glody wako kambini Kigoma, hajawatia machoni tangu walipopotezana kwenye kuvuka ziwa. Akidhaminiwa yeye, na wao wanachukuliwa wamfuate. Sawa. Ni sababu. Lakini jamaa hajui kujitetea. Ukimwuliza habari za vita anasema, "Ilikuwa mubaya," halafu anaendelea kupiga mswaki. Stori kama ile, na mtu anaimaliza kwa maneno mawili! Ningepewa mimi, Home Affairs nzima, ile ofisi ya vibali, ingetafuta leso.

Mimi si mkimbizi. Nilitoka Bukoba kwa basi, siti ya dirishani. Hilo ni tatizo dogo la kiufundi.

Mbinu yangu nimeifikiria sana. Mchungaji ana watu wengi wa kumlilia. Hana hata mmoja wa kubishana upande wake. Mtu ukishapata wa kukuunga mkono kwenye ubishi, humwachi akae bure Durban, unampeleka kwenu akakubishie. Huwezi.

Nimeazima magazeti yake yote, nimesoma kutwa. Dada Scola akauliza nasoma nini. Nikamwambia sheria za kimataifa. Akasema vizuri sana, mdogo wangu, ukimaliza za kimataifa usome na ile ya nyumba hii, inayohusu sufuria.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimealikwa! Nyumbani kwa Mchungaji, kutazama video. Mama Tolley akaleta chai na skonzi. Mkanda umetoka Kanada, na kumbe mikanda ya kwao na mashine za huku hazielewani: picha inatoka bila rangi, tena inaruka. Mchana mzima nimetazama watu wa kijivu wakigongana ndani ya mvua ya kijivu.

Kisha mmoja akapiga, akakosa. Mpira ukapotelea nyuma. Wakampa pointi.

Nikasimama nikapiga makofi. Wala sikuwa naigiza. Katika maisha yangu ndiyo mara ya kwanza kuona sheria iliyotungwa na mtu anayenijua.

Mchungaji akafurahi, akasimamisha mkanda, akarudisha nyuma, tukaangalia tena jinsi jamaa alivyokosa. Akasema watu hudhani pointi ile ni huruma, lakini si huruma, ni haki: umesafiri na mpira mpaka mlangoni kwa watu, huwezi kurudi kama vile hukutoka kwenu. Nikasema amina.

Akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Uvira, nikasema. Akauliza kama senene, wale panzi wa kukaanga, walikuwa wengi mwaka niliotoka. Nikasema wee, mchungaji, walijaa mpaka kwenye taa, mama yangu alikaanga... Nikakumbuka mimi ni wa Uvira. Nikasema hata Uvira wapo.

Akasema, "Ahaa." Akaniongezea skonzi.

Naona nimemshika.

Jumatano, 21 Aprili

Pigo la kiufundi dhidi ya Urbain. Mchungaji hunyolewa kwake kila mwezi. Nikamwahi Urbain asubuhi, nikampa ushauri wa kaka kwa mdogo wake: mzee leo atakuuliza kuhusu ile pointi ya kukosa. Usimfiche. Wakanada hawapendi unafiki. Mwambie unavyofikiri.

Nilijua anavyofikiri. Nilikuwa nimemweleza sheria ile jana, akacheka mpaka akakaa chini.

Basi mzee akakaa kwenye kiti, shuka shingoni, akauliza. Mimi niko pembeni najifanya nasubiri zamu. Urbain akazima mashine. "Mon pasteur," akasema, "mutu anakosa, munamupatia pointi? Hiyo ni mupira ya kuhurumiana. Kule kwetu mutu akikosa tunamuzomea, na mama yake tunamuzomea."

Nikafumba macho nisione anavyofukuzwa.

Mchungaji alicheka mpaka shuka likadondoka. Akapangusa machozi, akasema huyu ndugu ni mtu mkweli. Akamuuliza habari za Marie. Urbain akasema hana habari. Akamuuliza Glody sasa ana miaka mingapi. Urbain akahesabu kwa vidole akakosea, akahesabu tena. Mchungaji akamshika bega, wakakaa hivyo. Zamu yangu ikapita.

Najua watu wa namna hii. Wakishamkata mtu ndipo wanapomsifu. Urbain amekwisha.

Jumapili, 25 Aprili

Siku nzito. Naandika kwa utulivu.

Lazima nieleze kwanza kwamba sisi walinzi wa magari ndio posta ya watu wetu mjini hapa. Wachache wana simu. Mtu akimtaka fulani anamwambia mlinzi, mlinzi anashuka na habari, inafika. Hakuna ujumbe uliowahi kupotea mkononi mwangu, isipokuwa ule wa harusi.

Leo Mchungaji akaja mbio kwenye gari, shati limemchomoka kwenye suruali kwa furaha. Akasema: mwambie Urbain, Alhamisi saa nne asubuhi, nyumbani kwangu. Kuna bwana anakuja kutoka ubalozi Pretoria kumhoji. Anakuja Durban kwa siku moja tu. Akipita hapo, kazi imekwisha, Marie na mtoto wataitwa. Asikose. Akanishika mikono yote miwili: asikose, ndugu Gosbert.

Nikasema nitafikisha.

Nimefika nyumbani. Urbain alikuwa anakula. Nikamsalimia. Akanisalimia. Akanisogezea mboga.

Sikumwambia. Lakini pia sikusema kwamba sitamwambia. Kuna tofauti, na mtu wa sheria ataiona.

Nimefikiri sana. Urbain akienda kule atasema "ilikuwa mubaya," atanyamaza, nafasi itapotea bure kwa Waafrika wote. Afadhali aende mtu anayeijua Kanada. Nikishaingia, nitamvuta na yeye. Kwa kweli nafanya hili kwa ajili yake.

Jumatano, 28 Aprili

Koti.

Flati yetu ina koti moja. La kijivu, kifungo kimoja. Liliachwa na kijana wa Tanga aliyezamia meli bandarini bila kuaga. Limekwenda Home Affairs mara nyingi kuliko sisi sote. Limeomba kazi kwenye viwanda vya Mobeni, limekataliwa, limerudi, limepigwa pasi. Linakaa kwenye kabati la dada Scola na lina sheria yake: anayelitaka anasimama katikati ya nyumba, anatamka anakwenda wapi na kwa shughuli gani, na wengine wote wanagusa mkono wa koti wakisema, "Lirudi na heri." Bila hivyo hulitoi. Ni ushamba, lakini hakuna aliyewahi kuivunja.

Nikasimama. Nikatamka: nakwenda mazishini, Chatsworth, kwa wale Wazanzibari.

Dada Scola akashtuka. Nani amekufa? Sikuwa nimefika huko. Nikasema Mzee Nasibu. Jina lilikuja lenyewe. Akauliza yule mwenye duka la samaki? Nikasema huyohuyo. Akashika kichwa. Akasema masikini, mzee yule alimwuzia kibua kizima wiki iliyopita, na hakuonekana mgonjwa hata. Nikasema ndivyo kifo kinavyokujaga.

Wakagusa mkono wa koti. Lirudi na heri.

Urbain akanitazama kichwani. Akasema, "Mukubwa, hauwezi kuzika mutu na kichwa kama hiyo." Akanikalisha kwenye ndoo akaninyoa. Taratibu, na ndevu, na nyuma ya masikio. Akanipaka na spiriti. Nimejiangalia kwenye kioo. Kwa kweli napendeza. Nafanana na mtu aliyekwisha kudhaminiwa.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimepanda Morningside kwa miguu ili koti lisikunjike ndani ya taxi. Kwenye kila nguzo picha za uchaguzi, kila mgombea ananitabasamia. Nikaona ni dalili.

Mchungaji akafungua mlango. Akaangalia nyuma yangu. Akaangalia tena. Urbain yuko wapi?

Nikasema amekwenda Johannesburg, dharura. Sikupanga kusema Johannesburg. Ulimi ulichagua wenyewe.

Mezani amekaa yule bwana wa ubalozi. Kijana! Tai nyembamba, faili mbele yake, juu ya faili picha ya Urbain. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama picha. Akaniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani katika shauri hili. Nikaona mlango unafungwa. Nikauwahi. Nikasema: mheshimiwa, kabla ya yote, kama mtu anayeipenda Kanada, napinga kufutwa kwa pointi moja.

Kijana akaweka kalamu chini.

Akasema yeye ni wa Toronto. Akasema pointi ile ni aibu ya taifa zima, na kama ingekuwa amri yake ingefutwa babu yake akiwa kijana.

Sijawahi kumsikia Mchungaji Tolley akizungumza Kiingereza kwa sauti ile. Kiswahili chake kina Mungu ndani. Kiingereza chake hakina. Akamwita mwenzake kijana asiye na kwao. Kijana akasema bora jaribio la nne kuliko kuzawadia watu walioshindwa. Mchungaji akavuta bakuli la sukari likawa milingoti. Kijana akachora uwanja nyuma ya faili, faili lenyewe la Urbain, na mishale, na watu kumi na mmoja. Mchungaji akamnyang'anya kalamu akamchora wa kumi na wawili. Mimi nilikuwa nageuza shingo huku na huku. Mara moja Mchungaji akanielekeza kidole, akasema hata huyu, mtu wa mbali, ameelewa! Nikatikisa kichwa kwa heshima. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote tangu nifike nchi hii.

Mama Tolley peke yake ndiye aliyekumbuka. Akaingia na chai ya pili, akauliza je, huyo ndugu aliyekwenda Johannesburg hawezi kupigiwa simu? Wote wakanigeukia. Nikasema alikokwenda hakuna simu. Johannesburg. Hakuna simu. Wakakubali! Wakarudi kwenye jaribio la nne.

Honi ikalia nje. Dereva. Ndege. Kijana akasimama, akakusanya faili, akasema kwa masikitiko kwamba mtu asiyekuwepo hahojiwi, safari nyingine ya Durban labda mwakani. Akanipa mkono. Akasema nina hoja mbovu lakini nazitetea vizuri.

Mchungaji akabaki ameshika bakuli la sukari.

Nikashuka mjini. Kibandani mashine ya Urbain inanguruma juu ya kichwa cha mteja. Akaniuliza mazishi yamekwendaje. Nikasema salama. Akasema, "Mungu amupumuzishe."

Jumapili, 2 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa maiti.

Jana sikukuu, dada Scola akapika sufuria ya pilau, akafunga kanga mbili, akapanda taxi mpaka Chatsworth kuhani msiba. Akafika kwa Mzee Nasibu akilia tangu njiani. Mlango ukafunguliwa na Mzee Nasibu. Dada Scola anasema hakupiga kelele. Majirani wanasema alipiga. Mzee akamkaribisha, akauliza msiba ni wa nani, akaambiwa ni wake. Akasema alikuwa hana taarifa. Pilau wakala pamoja.

Amerudi jana jioni na sufuria tupu. Amelichukua koti, amelifungia kabatini, ufunguo ameuning'iniza shingoni.

Ningeweza kulimaliza hilo. Nilikuwa na Mzee Nasibu mwingine tayari. Lakini leo, ibada imekwisha, ile Corolla nyeupe ikashuka mpaka Albert Park, ikasimama mbele ya kibanda. Mchungaji akateremka akamwuliza Urbain safari ya Johannesburg ilikuwaje.

"Joburg?" Urbain akasema. "Mimi? Tangu nifike hapa sijavuka hata ile robot ya pili, ile taa ya barabara."

Nilikuwa nimesimama karibu. Nilitaka kuondoka. Miguu haikukubaliana na wazo hilo.

Wakaelezana. Haikuchukua muda, mambo yenyewe ni mafupi. Kisha Mchungaji akanigeukia. Sikuwahi kuona mzee amechoka namna ile. Akasema, "Ndugu Gosbert, siku ile ya senene nilikwisha kujua wewe u mtu wa Bukoba. Jina lako halikupata kuwamo. Nalitaka tu mtu wa kutazama naye mpira."

Akaingia garini. Hakuna aliyemlindia.

Jioni Urbain akaja akakaa kwenye ile ndoo, upande wangu wa pazia. Nikajiandaa kupigwa. Nilikuwa nimevaa mashati mawili. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mukubwa, bale batu balikuuliza juu ya Marie?"

Hapana, nikasema.

"Na Glody?"

Hapana.

"Sasa balisema nini saa yote ile?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, majaribio matatu, majaribio manne, mtu wa kumi na wawili, bakuli la sukari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ile pointi imebaki. Nikasema bado wanajadili.

Akaenda upande wake. Nikamsikia anazifunga mashine zake ndani ya taulo, moja moja, kama anavyofanya siku zote.

Sijui kwa nini sijapigwa. Inasumbua.

Jumatano, 12 Mei

Mchungaji amekuwa akipiga simu Pretoria kila siku. Yule kijana wa Toronto anaomba radhi kila siku. Faili limerudishwa kwenye rafu, likiwa na uwanja mgongoni.

Leo amekuja mwenyewe kibandani. Akaeleza amesimama, kofia mkononi. Kanada inapokea ndege za watu wa Kosovo. Kanisa la kwao limewaona kwenye televisheni. Jumapili wakakaa kikao: hawa wamekwisha kufika, wana watoto, wanahitaji mablanketi leo. Wakanyosha mikono. Ile nafasi moja imekwenda kwa familia ya Kosovo. Mchungaji alisema hawezi kuwalaumu, na kwamba angekuwa kule naye angenyosha mkono. Kisha akalia, mtu mzima, barabarani, taxi zinapita.

Urbain akampa kile kiti cha wateja akae. Mteja mwenyewe akabaki amesimama na kichwa kilichonyolewa nusu.

Mchungaji alikuwa amemletea jezi ya timu yake, ya kijani, nzito, ya baridi ya kule. Urbain akasema asante. Akaivaa palepale, maana baridi imeanza. Mikono mirefu. Akaikunja, akawasha mashine, akamalizia upande wa pili.

Nyumbani dada Scola ananipakulia mwisho. Ukoko. Anasema, "Kula, mheshimiwa." Hilo ndilo neno lake tu kwangu siku hizi.

Nimechunguza kwa makini kosa lilikuwa wapi. Ni la yule kijana. Toronto haikutegemewa.

Jumapili, 6 Juni

Uchaguzi umepita. Picha bado ziko kwenye nguzo, wanatabasamu na waliokosa.

Mchungaji hanialiki tena, lakini leo hakuwa na mwingine wa kumwambia. Akashusha kioo cha Corolla, akanipa gazeti. Magazeti yake yanaletwa kwa meli, na mengine hupotea njia. Hili ni la Februari. Linasema wakubwa wa ligi wameyaondoa mapendekezo yote kabla ya kikao. Hayakujadiliwa. Hayakupigiwa kura. Siku ile ya Aprili niliyomkuta ameivimbisha shingo, jambo lenyewe lilikuwa limekufa zamani, na siku ya bakuli la sukari pia.

Nikamrudishia. Akafunga kioo.

Hata hivyo kuna habari njema. Kanisani amekuja mama mmoja wa Kinorwe, wa misheni ya mabaharia. Mpole. Nimelifuta gari lake mpaka kwenye matairi. Nikamwuliza kwao wanapenda mchezo gani. Kumbe wanateleza juu ya theluji na mbao ndefu miguuni na bunduki mgongoni, wanasimama, wanapiga shabaha, wanaendelea kuteleza. Nikamwuliza, na anayekosa shabaha? Anaadhibiwa, akasema, anazungushwa njia ya ziada. Nikamwuliza kama kuna watu wanaotaka kuibadilisha sheria hiyo. Akasema wapo, tena wanamkera.

Wananikera na mimi. Sana. Naanza kusoma kesho. Uvira nimeiacha, ina watu wengi. Nitakuwa wa Bujumbura.

Mtu mmoja aliyetoka Kigoma alipita kibandani jana akamwambia Urbain kwamba Glody ameota tena meno ya mbele, na kwamba yeye na mama yake wamehamishiwa kambi nyingine. Kambi gani, mtu huyo hakuuliza.